Umri Uliofutwa: Binti wa Katanga Baina ya Vita na Kambi za Askari

Waliotuandikia tarikhi ya vita vya Katanga wametuhesabia mambo mengi kwa uangalifu mkubwa: wametuhesabia majeshi na majemadari, tani za shaba zilizochimbwa na zilizozuiliwa, mikataba iliyotiwa saini na iliyovunjwa kabla wino haujakauka, lakini ukitaka kujua katika vitabu hivyo binti wa miaka 13 aliyekaa mtaa wa Kenya au Katuba siku zile alilala wapi, aliacha shule lini na aliozwa kwa nani, utafunua kurasa hata uchoke bila ya kumkuta. Sidhani kwamba amefichwa kwa makusudi. Vita aghalabu huhesabiwa kwa vitu vilivyoshikwa na mikono ya wanaume, yaani bunduki, hati na bendera. Naye binti akifa huingizwa katika hesabu ya raia, akinusurika huingizwa katika hesabu ya watu wa nyumba ya baba yake, na akichukuliwa na askari haingizwi popote.

Nataka kuyatazama mas'ala haya nikiwa nimesimama Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini ya Kongo, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na ambao vita vimeujia kwa mafungu, kizazi baada ya kizazi, kwani naona kwamba unafaa kuwa mizani ya kupimia neno moja ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lote: kwamba kabla ya kumnyang'anya binti siha yake, na hata pale visipomnyang'anya uhai, vita humnyang'anya umri, ule umri mfupi wenye thamani uliopo baina ya utoto na unyumba, ambao ndani yake mtu wa kike hujifunza kuwa mtu kabla hajawa mke wa mtu.

Wazee wetu waliujua umri huo na waliuwekea mipaka. Wabemba, ambao makao yao yako pande zote mbili za mpaka wa Zambia, walikuwa na chisungu, mafundisho ambayo kwayo mwali alikabidhiwa kwa nachimbusa, mwanamke mwenye hekima na cheo, kama vile katika pwani ya Unguja na Mombasa mwali alivyokabidhiwa kwa kungwi wake. Na ingawa mafundisho yale yalikuwa na mambo ambayo leo tuna haki ya kuyahoji, madhali yalimwandaa binti kwa ajili ya mume zaidi kuliko kwa ajili ya nafsi yake, jambo moja yalilisimamia barabara, nalo ni kwamba hapakuwa na binti aliyeuvuka umri ule kwa usiku mmoja, wala aliyevushwa na mgeni. Ulitaka muda, ulitaka wanawake wengi walioketi pamoja, ulitaka kijiji kilichotulia. Shule za wamisionari, na zile nyumba za kuwafundisha wanawake mambo ya nyumbani ambazo Wabelgiji waliziita foyers sociaux, pamoja na madarasa ya ushonaji katika kambi za Union Minière, kampuni ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imeamua kwamba wafanyakazi wake wakae mjini na wake zao na watoto wao, zote zilibadilisha yaliyofundishwa lakini hazikuufuta muda wenyewe. Mahali pa unyago pakaingia daftari na sindano, na binti akabaki na miaka yake michache ya kuwa binti.

Kisha likaja jeshi.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 9 Julai askari wa kambi ya Massart, mjini Élisabethville, kama Lubumbashi ulivyoitwa wakati ule, waliasi. Kesho yake askari wa miavuli wa Kibelgiji waliingia mjini. Na tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kuanzia hapo mpaka Januari 1963, Tshombe alipokubali kuwa mambo yamekwisha, mji huu ulipitiwa na mikono ya askari wa kila namna: jandarmeri ya Katanga na maofisa wake wa Kizungu, mamluki ambao Wazungu wenzao wenyewe waliwaita les affreux, yaani watu wa kutisha, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliyotoka India, Sweden, Ireland na Ethiopia, ambayo yalipigana na wanajeshi wa Katanga Septemba 1961, yakapigana tena Desemba mwaka huo huo, na mara ya tatu kuanzia mwisho wa Desemba 1962. Kwa mwanasheria na kwa balozi, majeshi haya yalitofautiana kama mbingu na ardhi, kwani moja lilikuwa la waasi, jingine la watu wa kukodiwa, na jingine la mataifa yote ya dunia yaliyokuja kuleta sulhu, nami siikatai tofauti hiyo wala siidharau. Walakini kwa binti aliyetumwa maji, kila mmoja wa hao alikuwa mwanamume mwenye silaha, asiyejua lugha ya mama yake, aliyesimama baina yake na bomba; na kwa hakika hii ndiyo maana ya nchi kukaliwa na jeshi ukiitazama kutoka chini, kwamba njia fupi za kila siku, za maji, za kuni, za sokoni na za shule, hazina tena mwenyewe unayemjua.

Fungu la mambo ya 1961 linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko mapigano yenyewe ni lile la kambi ya Waluba. Mwishoni mwa Agosti mwaka ule, Waluba wa Kasai, ambao jandarmeri na wafuasi wa Tshombe waliwahesabu kuwa maadui wa nyumbani, walianza kukimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa wakitafuta hifadhi, wakafika kiasi cha 35,000 katika majuma machache tu, na baadaye wakazidi, wakakaa pembezoni mwa mji katika vibanda vilivyobanana mpaka mwaka 1962 walipoanza kusafirishwa kwenda Kasai. Hao walikuwa watu wa mjini: makarani, mafundi, wapishi, wafanyakazi wa reli, ambao binti zao walikuwa wamezoea nyumba zenye milango. Mlango ni kitu kidogo mpaka siku utakapoukosa. Katika kambi ya namna ile, ambamo jamaa nzima hulala katika nafasi ya mkeka mmoja na vijana wenye marungu hujifanya ndio serikali usiku, staha ya binti haina pa kuwekwa, na wazazi wenye busara, wala siwalaumu, hukimbilia kuiweka mahali pekee wanapoona kuwa ni salama, yaani kwa mume. Wale waliokuwa na miaka 13 katika kambi ile ni mabibi wanaokaribia 80 leo, na wengi walioozwa vile hawakupata kuulizwa na mtu yeyote habari ya mambo yale.

Miaka michache baadaye, upande wa kaskazini-mashariki, likatokea tukio ambalo kila Mkatoliki wa Kongo analijua. Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, kijana wa miaka 20 na kitu, aliuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 na mkubwa mmoja wa waasi walioitwa Simba kwa sababu alikataa kufanywa mke wake; na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Namheshimu Anuarite kwa moyo wangu wote, na jina lake limewatia nguvu wanawake wasio na idadi. Lakini nawaomba wahubiri wetu walitazame na upande wa pili, kwamba wasichana waliokufa wakikataa tumewajengea makanisa, na wale ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa, wakaishi, wakarudi nyumbani na mtoto mgongoni, tumewajengea minong'ono. Nao ndio wengi, na ndio wanaokaa nasi hapa duniani na kuhitaji shule, dawa na jirani mwema.

Sitakawia katika vita vya Shaba (jina la Katanga wakati ule) vya Machi 1977 na Mei 1978, ambavyo vililetwa na wapiganaji wa Nathanaël Mbumba kutoka Angola na kuzimwa, vya kwanza kwa msaada wa askari wa Morocco, vya pili kwa Wafaransa walioshuka kwa miavuli juu ya Kolwezi. Vilikuwa vifupi, na sehemu kubwa ya uchungu wake ilikuwa magharibi, kwa Walunda, ambao makumi ya maelfu yao walivuka mpaka wakaenda kukaa Angola. Yaliyokuja miaka ya 1992 na 1993 yanatudai zaidi, kwa sababu hapakuwa na jeshi la kigeni wala bendera ngeni, na walioumiza na walioumizwa walikuwa wamesoma darasa moja.

Siku zile gavana wa jimbo alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI waliaminishwa kwamba umaskini wao umeletwa na watu wa Kasai, ambao katika mikutano ya hadhara waliitwa bilulu, yaani wadudu. Huko Likasi na Kolwezi watu hao wakafukuzwa majumbani mwao, wakajazana katika stesheni za reli wakingojea mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, na wengine walingoja miezi, wakafa hapo kwa kuhara na surua. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Tafakari basi hali ya binti aliyezaliwa Likasi na baba aliyezaliwa Likasi, ambaye lugha yake ni Kiswahili, ambaye Kasai kwake ni jina la hadithi za babu. Na yamkini alivunja ungo pale pale stesheni, baina ya masanduku na masufuria, bila ya shangazi wala nachimbusa, bila ya hata pazia. Wapo waliofika mwisho wa reli wakaambiwa na wenyeji wa huko kwamba wao ni Wakatanga.

Fauka ya hayo kulikuwa na jambo ambalo wanasiasa hawakulifikiri na ambalo liliwapasua mabinti katikati. Walamba na Wabemba huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na Waluba wa Kasai huihesabu kwa upande wa baba. Kwa hiyo mtoto wa mama Mlamba na baba Mkasai, ambaye siku za amani alikuwa na bahati ya kuwa na jamaa mbili za kumdai, siku za kufukuzana alijikuta jamaa moja inamwambia kwamba yeye ni wa baba yake na aende, na nyingine inamtazama kuwa ni mtoto wa ukoo mwingine. Mwana wa kiume huweza kujitafutia nasaba kwa kazi au kwa silaha. Binti alitafutiwa, na aliyemtafutia alimtaka kwa mahari ndogo, kwa kuwa bidhaa inayouzwa stesheni haina bei.

Wala haifai kuvieleza vita peke yake bila ya kueleza jinsi baba alivyoporomoka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mji ukaporwa mwaka 1991, na kufikia mwaka 1994 kampuni ilikuwa imeshuka hadi tani 30,000 hivi. Tena mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, amechunguza kwa undani namna mamlaka ya baba katika nyumba za wachimbaji hao yalivyotegemea posho ya unga, hospitali na shule za kampuni, na namna yalivyoyeyuka mambo hayo yalipokatika. Nyumba ikawa inalishwa na mama aliyeketi sokoni na beseni la sombe au la makala, na msaidizi wa mama ni binti. Hapo ndipo vita na ufukara vinapokutana, kwa maana baba asiye na ada ya shule ya watoto wanne humtoa kwanza yule ambaye kumtoa kwake kunaingiza kitu, na posa ya askari, mwenye mshahara japo mdogo na bunduki inayomlinda mkwewe, huonekana kuwa ni neema. Wengine walikwenda machimboni. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, na humo wasichana aghalabu ndio wanaosimama ndani ya maji kutwa wakisafisha mawe yaliyochimbwa na kaka zao.

Mwezi wa Aprili 1997 Lubumbashi uliwapokea askari wa AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 17 Mei Kabila akajitangaza kuwa rais akiwa hapa hapa. Dunia iliwaona siku ile wale watoto wa kiume waliovaa viatu vya plastiki na kubeba bunduki zinazowazidi urefu, ikawajua kwa jina la kadogo, ikawaandikia makala na kuwapigia picha. Wasichana waliokuwamo katika safu zile na katika makundi yaliyofuata hawakuonekana, kwa kuwa kazi zao zilikuwa za ndani: kupika, kubeba, kupeleleza, kulala na kamanda, na wengine, ndiyo, kupigana. Katika makundi mengine ya wanamgambo wa Mai-Mai wasichana wasiovunja ungo walitumiwa kutayarisha dawa ya kuzuia risasi, na katika machafuko ya Kasai ya 2016 na 2017 waliwekwa mbele ya wapiganaji wakiwa wamevaa sketi za nyasi, wakiaminishwa kwamba sketi hizo zitazikamata risasi. Naandika jambo hili kwa hasira, kwa maana aliyewaweka mbele alikuwa mtu mzima naye akabaki nyuma.

Ilipofika wakati wa kupokonya silaha na kuwarudisha watoto makwao, mambo yakawa vile vile. Makamanda waliwatoa wavulana wakawabakiza wasichana kwa kudai kwamba hao ni wake zao, na wasichana wenyewe waliogopa kujitokeza, kwani kuandikwa katika daftari la watoto walioachiwa na jeshi ni kujitangazia kijiji kizima yale uliyofanyiwa. Shirika la Child Soldiers International, lililowahoji wasichana wa namna hiyo katika mashariki ya Kongo, lilionyesha mwaka 2017 kwamba miongoni mwa watoto walioachiwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa tangu 2009, wasichana walikuwa kiasi cha asilimia 7 tu, ilhali makadirio yanafikia thuluthi ya watoto wote waliomo katika makundi, au zaidi. Na walipoulizwa wanataka nini, wengi wao walitaja shule, si kwa ajili ya kazi tu, bali kwa sababu sare ya shule huwaambia majirani kwamba huyu ni mtoto bado. Sijapata kusoma ushahidi unaoeleza wazi kuliko huo kwamba wenyewe wanakijua kilichoibwa.

Kaskazini ya Katanga, baina ya Manono, Mitwaba na Pweto, nchi ambayo watu wameiita pembetatu ya mauti, vita havikwisha mikataba ilipotiwa saini. Pweto iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na askari wa Rwanda mwanzoni mwa Desemba 2000, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Zambia, wakawekwa katika kambi za Kala na Mwange, ambazo zilifungwa mwaka 2010. Yaani wapo mabinti walioingia humo wakiwa wanabebwa na wakatoka wakiwa wenyewe wanabeba. Kyungu Mutanga, aliyejulikana kwa jina la Gédéon, ambaye Mai-Mai wake walichoma vijiji vya pande zile, alijisalimisha Mitwaba Mei 2006, akahukumiwa kifo Machi 2009 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, akatoroshwa katika gereza la Kasapa hapa Lubumbashi Septemba 2011 pamoja na mamia ya wafungwa, na baada ya hapo likavuma kundi la Bakata Katanga. Wakimbizi wa ndani wa Katanga, waliokuwa kiasi cha 50,000 mwanzoni mwa 2012, wakafikia takriban 400,000 mwisho wa 2013. Tarehe 23 Machi mwaka huo wa 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia mjini Lubumbashi na ile bendera ya Tshombe yenye misalaba mitatu ya shaba, watu wapatao 35 wakauawa, na zaidi ya 200 wakaenda kujisalimisha kwa askari wa Umoja wa Mataifa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Nifungue mabano hapa: ile misalaba ya shaba iliyochorwa katika bendera ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi hii kabla ya Wazungu, na mahari ya mabinti ililipwa kwayo.

Mji wenyewe haukupata kuwa mbali na kambi. Askari wa Zimbabwe walikaa Katanga katika vita vilivyoanza 1998, wakiwa wageni walioalikwa. Kambi za Kimbembe na Kibati zilishambuliwa na Bakata Katanga tarehe 14 Februari 2021. Na kila vurugu hufuatwa na doria, na kila doria na vizuizi vya barabarani ambapo muuza makala hutoa kidogo ili apite na binti yake huambiwa asubiri kwanza. Ubaya mkubwa zaidi ulitokea ndani ya kuta za serikali: Septemba 2020, katika gereza la Kasapa, wafungwa walizusha ghasia, walinzi wakaondoka, na kwa muda wa siku tatu wanawake waliofungwa humo, na msichana mmoja akiwa pamoja nao, wakabakwa na wafungwa wanaume bila ya mtu wa kuwaokoa. Huu haukuwa msitu wa Mitwaba. Ulikuwa mji wa pili wa Kongo, wenye mahakama, chuo kikuu, redio na askofu mkuu.

Kuhusu sheria, insafu inatutaka tukiri kwamba kazi kubwa imefanywa. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilipanua maana ya ubakaji na kuongeza adhabu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ilimhesabu kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto anayestahili hifadhi. Na marekebisho ya sheria ya familia ya mwaka 2016 yaliondoa ile aibu ya sheria ya 1987 iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 wakati mvulana alitakiwa afikishe 18. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomhukumu kiongozi wa waasi Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwaandikisha watoto jeshini, mashtaka hayakutaja waliyofanyiwa wasichana. Ilipomhukumu Bosco Ntaganda mwaka 2019, ilitamka kwamba kuwabaka na kuwafanya watumwa wasichana wa jeshi lako mwenyewe ni jinai ya vita. Na huko Kavumu, Kivu Kusini, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha maisha, Desemba 2017, watu kadhaa, mbunge wa jimbo akiwa kichwa chao, kwa kuwabaka watoto wa kike wapatao 40. Hizi ni hatua za kweli. Lakini hukumu humfikia binti baada ya miaka, na mara nyingi fidia aliyoandikiwa haimfikii kabisa, wakati umri tunaouzungumza huisha kwa miaka 4 au 5; kwa hiyo sheria ikitembea kwa mwendo wake wa kawaida itamkuta keshakuwa mama wa binti mwingine.

Haya yote yangekuwa tarikhi tu laiti mashariki ingekuwa imetulia. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 na jeshi la Rwanda mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu Februari iliyofuata; na yale tuliyoyaona hapa Élisabethville mwaka 1961 yanaonekana huko sasa, utawala mpya wenye mihuri yake, kambi za wakimbizi zilizovunjwa na watu kuambiwa warudi vijijini, na wasichana ambao mzazi wao anapiga hesabu kila asubuhi kama shule ina thamani ya njia ya kuifikia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Desemba 2005 kwamba Uganda iliikalia Ituri kijeshi na kwa hiyo iliwajibika kuwalinda wakazi wake, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Anayeikalia nchi anawajibika kwa usalama wa watu wake. Hiyo ni kanuni ya tangu mikataba ya Hague ya 1907, wala haihitaji kuvumbuliwa upya.

Kwa upande wetu wa Katanga, iko kazi isiyongojea mazungumzo ya amani ya Washington wala ya Doha. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo Septemba 2019, na jambo hilo lilijaza madarasa. Lakini umri wa binti tunaousemea ni wa sekondari, na sekondari ina ada. Naiomba serikali ya jimbo iifute ada hiyo kwanza kwa wasichana wa Mitwaba, Pweto na vijiji vyote vilivyohamishwa na vita, na iwaruhusu walio na watoto warudi darasani bila ya kuulizwa baba wa mtoto ni nani. Nawaomba wanaosimamia kupokonya silaha wamwandikishe binti kwa kumtafuta jikoni kwa kamanda, wala wasimngojee aje na bunduki. Nawaomba maprofesa wa chuo chetu, ambao wamekusanya kwa bidii kumbukumbu za wafanyakazi wa kampuni, waende kwa mabibi wa Katuba, Kenya na Kamalondo wakawaulize habari za 1961 na za stesheni ya Likasi, na waandike kila jina wanaloruhusiwa kuliandika. Nawe baba uliyeletewa posa kwa binti wa miaka 14 na mtu mwenye magwanda, mkatalie, na mwite jirani yako aje asimame nawe mlangoni unapomkatalia.